Jina la Mtoto wa Chumba cha Uani

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, paliondokea mtu na mkewe katika mji wa Muheza. Mume aliitwa Mhando, msokotaji kamba katika kiwanda cha mkonge. Mke aliitwa Mwantumu, fundi cherehani. Na kulikuwa na wa tatu, Bi Mwanakombo, mama yake Mwantumu, aliyekaa kijijini na ng'ombe wake mmoja wa maziwa. Watu ni hao watatu. Wengine nitakaowataja wanapita tu, msihangaike kuwashika kichwani.

Mhando na Mwantumu walinunua nyumba ya vyumba viwili na sebule, choo kimoja, na ua wenye kinu kizito kando ya mlango wa jikoni. Walinunua kwa mkopo wa chama cha akiba cha wafanyakazi. Mkopo ulikuwa wa miaka kumi na sita, na hati ya nyumba ingekaa kwenye kabati la chama mpaka shilingi ya mwisho ilipwe.

Sasa Mhando alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kuogopa deni. Msimcheke. Alipokuwa mdogo nyumba ya baba yake ilipigwa mnada, na mama yake, Bi Zena, alikaa siku nzima juu ya kitanda chake kilichotolewa nje, barabarani, watu wakipita. Mhando akaapa kwamba mkewe hatakalia kitanda barabarani. Kwa hiyo palipoandikwa alipe mara moja kwa mwezi, yeye alilipa mara mbili. Kila mwezi uliolipwa mapema ulikuwa riba iliyobaki mfukoni, na hilo alilisema mpaka watoto wakalijua kwa moyo.

Mtoto wa kwanza akazaliwa, Hidaya. Mhando akalipa mara mbili. Mtoto wa pili akazaliwa. Mhando akalipa mara mbili. Mtoto wa tatu akazaliwa, cherehani ikahamia chumba cha watoto, watoto wakawa wanalala huku miguu yao iko chini ya meza ya cherehani. Mhando akalipa mara mbili.

Nanyi mnajua mila yetu. Mwanamke akijifungua, mama yake huja kumkanda na kumwogesha mtoto siku arobaini. Mnajua pia kwamba mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hapishani naye mlango wa choo, hamtazami usoni, hazungumzi naye ana kwa ana. Bi Mwanakombo akiwa na neno kwa mkwewe, aliliambia kinu. Alisimama pale uani akasema, wewe kinu, mwambie mwenye nyumba sukari imekwisha, na Mhando nyuma ya mlango alisikia akaenda dukani. Heshima ilikuwa kubwa mno baina yao, na mapenzi pia, ila yote yalipitia kwenye kinu.

Basi kila Bi Mwanakombo alipokuja, Mhando alifunga mkoba wake akaenda kulala kwa rafiki yake siku arobaini. Jioni akitoka kazini alipita nyuma ya nyumba, akasimama nje ya dirisha, Mwantumu akamnyanyua mtoto ili amwone kupitia nondo. Watoto watatu, na Mhando hajapata kumshika hata mmoja akiwa mchanga. Mimi nilimwona pale dirishani kwa macho yangu na nilimwonea huruma sana.

Baada ya mtoto wa tatu Mwantumu alimwomba mumewe waache kulipa mara mbili. Walipe mara moja kama walivyoandikiana, na kile kinachobaki wajenge chumba cha uani chenye paa lake, mlango wake na choo chake. Watoto wangepata pa kulala. Mama angekuja akakaa kwa heshima zake, na Mhando naye angelala kwake.

Mhando akakataa. Akasema chumba kitajengwa deni likiisha.

"Baba Hidaya," Mwantumu akasema, "deni lilikubali kutungoja miaka kumi na sita. Watoto hawakukubali kungoja."

Mhando akamwambia kwamba yeye Mwantumu hajawahi kumwona mama yake amekalia kitanda barabarani, ndiyo maana anasema hivyo.  Mwantumu akarudi kwenye cherehani yake.

Kesho yake akabadilisha bei. Sare ya shule, matofali manane. Kushona pazia, matofali matano. Gauni la harusi, matofali ishirini na mawili. Mtaa mzima ulicheka, halafu mtaa mzima ukaanza kubeba matofali, maana fundi mwingine kama yeye hatukuwa naye. Mabibi harusi walikuja na toroli. Mwashi akalipwa kwa mashati, akapendeza mwaka mzima mpaka mkewe akaanza kumuulizauliza. Pesa kidogo za saruji Mwantumu alizipata kwa kutia viraka. Kwa miaka miwili hakugusa hata senti ya mumewe, na kuta zikapanda mpaka mwisho. Zikabaki wazi juu. Paa lilihitaji bati, na mwenye duka la bati hakutaka gauni.

Wakati huo Mwantumu alikuwa na mimba ya nne, na daktari amewaambia huyo awe wa mwisho. Mhando naye alikuwa amebakiza miezi minane tu ya deni. Akajinyima, akafanya kazi za ziada, akaziweka pesa za miezi yote minane ndani ya bahasha ili azilipe kwa mkupuo kabla mtoto hajazaliwa. Miaka minane badala ya kumi na sita. Alikuwa akiishika ile bahasha kila asubuhi kabla ya chai.

Ikafika Jumatatu ya kwenda kulipa. Mhando akaoga, akavaa shati la kwendea msibani na harusini, akachukua bahasha. Kufika mlangoni akakuta mkoba wake. Mwantumu alikuwa ameufunga: shuka, taulo, sabuni, ndala. Mtoto alitazamiwa wiki hiyo, mama yake angefika wakati wowote, na mume angetoka kama alivyotoka mara tatu. Mwantumu hakununa. Alikuwa ameukunjia na koti, kwa sababu asubuhi kulikuwa na baridi.

Mhando akaenda mpaka mlango wa ofisi ya chama. Akasimama. Waliomwona kutoka ndani walisema alisimama muda wa mtu kunywa chai. Kisha akageuka akaenda duka la bati, akamwaga bahasha yote juu ya meza.

Wakati huohuo, kule kijijini, Bi Mwanakombo alikuwa ameshauza ng'ombe wake. Jina la ng'ombe huyo lilikuwa Sikujua, na maziwa yake ndiyo yaliyomsomesha Mwantumu. Alijua mkwewe anasumbuliwa na deni. Alijua pia kwamba chumba hakina paa. Lakini angewezaje kununua paa la chumba atakacholala mwenyewe? Ingekuwa kumwambia mkwewe mbele ya mji mzima kwamba hawezi kumweka mgeni. Hapana. Atalipa deni, na mwanamume mwenyewe ataezeka kwa mkono wake. Angemuuliza kwanza, lakini yeye na mkwewe hawasemezani, na kinu kiko Muheza.

Akafika ofisi ya chama saa moja baada ya Mhando kuondoka. Akalipa miezi yote minane. Karani alipomuuliza aandike jina la nani, akasema aandike la mwenye nyumba. Akapewa stakabadhi yenye mhuri, na maneno kwamba mwenyewe aje achukue hati yake.

Alasiri mkokoteni wa bati ukaingia uani kwa mlango wa nyuma, Mhando akiusukuma. Bi Mwanakombo akaingia kwa mlango wa mbele na kifurushi chake. Mhando kumwona mkwewe akarukia jikoni akajificha nyuma ya mlango. Bi Mwanakombo akaziona bati. Akazitazama sana. Kisha akaitoa ile stakabadhi kwenye pindo la kanga, akaiweka juu ya kinu, akaweka na kijiwe isipeperuke.

"Wewe kinu," akasema, "mwambie mwenye nyumba deni lake limekwisha. Mwambie na asinishukuru, maana sitajua niangalie wapi."

 Sisi majirani tuliofuata mkokoteni tukasikia mwanamume mzima akilia nyuma ya mlango, na Mwantumu, kwa tumbo lake lile, akicheka huku naye machozi yanamtoka.

"Mchi," Mhando akasema hatimaye, "mwambie kinu nimesikia."

Bati zikapigwa siku mbili. Siku ya tatu mtoto akazaliwa, msichana, akalala na mama yake na bibi yake katika chumba cha uani. Mhando akalala kwake. Bi Mwanakombo alipokwenda kuoga, Mwantumu alivuka ua hatua tisa akamweka mtoto mikononi mwa baba yake. Mhando hakujua ashike wapi. Alipojua, hakutaka kumrudisha.

Hapo ndipo mgogoro ulipoingia, maana raha nayo ina magomvi yake. Kwetu, aliyempa mtoto mahali pa kulala ndiye anayemnong'oneza jina sikioni siku ya saba. Na wote watatu wana la kusema.

Mhando anasema: "Miaka minane nimelipa mara mbili. Bila mimi wangelala kwenye nyumba ya chama. Na nilipoambiwa na moyo wangu, nilikivunja kiapo changu nikanunua paa. Mtoto aitwe Zena, kwa mama yangu."

Mwantumu anasema: "Paa lingekaa juu ya nini? Nimeuinua ukuta kwa sindano, na mkoba niliufunga mimi. Nimechoka kwa furaha, nataka mtoto aitwe Tulizo."

Bi Mwanakombo, kwa njia ya kinu, anasema: "Wao walitoa walichopata. Mimi nimetoa nilichokuwa nacho. Na kama nisingelipa, huyo mwenye nyumba angelala chini ya paa jipya na deni la zamani." Jina analolitaka hajalitaja. Tunaogopa ni la ng'ombe.

Nilisema hapo zamani ili mkae kimya mnisikilize. Mtoto ana siku sita leo. Kesho asubuhi mkunga atamtoa chumba cha uani, atasimama kati ya hao watatu, na atatugeukia sisi majirani, kwa sababu matofali yalitoka kwetu. Mimi mwenyewe ishirini na mawili yangu yako upande wa kitandani, na bado sijui niseme nini.

Basi semeni ninyi, na msinijibu kwamba wote, kwa kuwa sikio la mtoto ni dogo na jina la kwanza kuingia ni moja: yule aliyelipa deni mpaka karibu na mwisho kisha akaliacha, yule aliyejenga asingoje deni liishe, au yule aliyelimaliza deni lisilo lake? Je, nani anastahili kuinama amnong'oneze?