Pombe ya Kujaza Fuko

Chekeni tu. Nimeona mlivyotazamana nilipoinama nikagonga sakafu ya bwana harusi mara tatu kwa kitako cha kata, kisha nikatega sikio kama fundi aliyesahau alikopitisha bomba. Shangazi wa bibi harusi amenong'ona kwamba nimelewa kabla ya kunywa. Shangazi, hilo hunitokea, ila si leo. Leo ni adabu. Nilifunzwa Ngazini, mji mkongwe ulioko ubavuni mwa mlima, na nilifunzwa kwa aibu. Nilikuwa nimeshatembea nchi saba nikidhani najua kunywa. Nilipopewa kata ya pombe ya ndizi, niliipeleka mdomoni moja kwa moja, na bibi mmoja asiyenifika kifuani akaninyang'anya.

"Hujagonga," akasema. "Kaa chini, wewe mrefu usiyefunzwa, usikilize."

Nikakaa. Alichonisimulia ndicho hiki.

Kale hiyo, mafuko walikuwa na macho makubwa kama ya bundi, na watu wa Ngazini walikunywa bila kugonga popote. Mji wao ulikuwa na ngazi moja ya mawe, vidato tisini na tisa, iliyochongwa na watu ambao hata wazee wa wakati ule waliwaita watu wa kale. Juu kabisa, penye migomba na maji baridi, waliishi wapika pombe. Chini kabisa palikuwa na uwanja, na uwanjani kulikuwa na kiu. Kila siku ya soko wanawake walishuka na mitungi kichwani, na povu lilishuka pamoja nao, tone hapa, tone pale.

Siku moja Jumbe Kiwelu, mkuu wa mji, aliwapokea wageni wakubwa kutoka ng'ambo ya bonde. Alikanyaga povu kwenye kidato cha saba kutoka juu, na vidato vilivyobaki akavishuka kwa makalio. Wageni wakapiga makofi. Walidhani ndiyo ngoma ya kukaribishwa.

Jumbe hakucheka. Alipoweza kukaa tena, alipiga marufuku mitungi. "Ngazi hii ni ya wazee wetu, si ya povu," alitangaza. "Hakuna mtungi wa pombe utakaoikanyaga tena. Pombe ikitaka kushuka, ishuke yenyewe."

Tangazo hilo lilimwangukia mtu mmoja kuliko wote. Povu lile lilikuwa la mtungi wa Mkunde, mjane mwenye jiko la zamani kuliko yote mjini. Jiko hilo ndilo lililoleta pombe ya sikukuu ya ulezi mpya, tangu bibi wa bibi yake. Na desturi ilikuwa ngumu: jiko lisilofikisha pombe uwanjani siku ile, mafiga yake hung'olewa yote matatu na kutupwa bondeni. Mwanamke aliyeng'olewa mafiga Ngazini hakupika tena, si pombe, si hata maji ya kuoga mgeni.

Mimi ningehama. Nimehama miji kwa mambo madogo kuliko hayo, mmoja kwa sababu ya jogoo wa jirani. Mkunde hakuhama.

"Jumbe amesema ishuke yenyewe," alisema. "Basi itashuka yenyewe."

Alipanda msituni akakata mianzi minene kama paja. Alichoma chuma mpaka kikawa chekundu, akatoboa fundo moja baada ya jingine, mwanzi baada ya mwanzi, hadi nyusi zikaungua. Majirani wakaja kusimama uani.

"Mkunde, mama, hiyo ni filimbi ya jitu?"

"Ndiyo. Litakapoipuliza, mtacheza."

Kisha akaanza kuchimba kando ya ngazi. Jembe la kwanza lilivunjika penye kidato cha tatu. La pili lilivunjika penye cha tano. Mwezi mmoja ulibaki kabla ya sikukuu na vidato tisini na vinne vilikuwa bado vinamtazama. Ndipo akaenda kwa Fuko.

Fuko wa siku zile alikuwa fundi mwenye majivuno. Alichimba huku amefumbua yale macho yake makubwa, akisifia kila ukuta aliouacha nyuma. Mkunde alimwonyesha mianzi, akamwonyesha ngazi, akamwahidi ujira kwa maneno ambayo kila mtu wa Ngazini angeyatumia: "Ukinichimbia mpaka uwanjani, nitakupa pombe ya kujaza fuko."

Fuko akakubali upesi mno. Mtu akikubali upesi hivyo, rudieni kusikiliza mlichosema. Mimi hujifunza hilo kila ninapopanga nyumba.

Akachimba usiku na mchana. Mkunde akawa anamfuata nyuma, akilaza mwanzi juu ya mwanzi na kuziba viungo kwa nta. Siku mbili kabla ya sikukuu wakatokea uwanjani, mdomo wa mwanzi ukachungulia kama ulimi. Mkunde akaleta ujira: fuko kubwa la ngozi ya mbuzi, limejaa pombe hadi shingoni.

Fuko akalitazama, akamtazama Mkunde. "Hilo ni la nani?"

"Lako. Pombe ya kujaza fuko."

"Dada yangu, hilo ni mfuko wa ngozi tu. Fuko ni mimi. Nami bado sijajaa."

Watu waliokuwapo wakacheka mpaka wakashikana. Hata hivyo wazee walitikisa vichwa: neno limesemwa, na neno halirudi tumboni. Mkunde akang'ata midomo. Angeweza kubisha mpaka mvua. Badala yake akasema, "Nimeahidi. Utakunywa mpaka ujae."

"Usijisumbue kunipimia," Fuko akamjibu kwa upole. "Nitajihudumia."

Sikukuu ikafika. Uwanja ulijaa, kata zilikuwa mikononi, Jumbe alikaa mbele juu ya mto laini. Kule juu Mkunde akamimina mtungi wa kwanza mdomoni mwa bomba. Kisha wa pili. Kisha wa kumi. Chini watu walikodolea macho ule mdomo wa mwanzi. Ukatoa upepo kidogo, ukanyamaza.

"Pombe imepotea njia!" mtu akapiga kelele.

"Imesimama kupumzika. Ngazi ndefu hii!"

Jumbe akainuka, akaita wanaume wawili. "Twendeni tukayang'oe mafiga." Wakaanza kupanda, naye akitangulia polepole, maana tangu siku ile alihesabu kila kidato kwa mguu na kwa mkono.

Mkunde aliwaona. Hakulia wala hakuomba. Alichukua kata yake akaanza kushuka kando ya ngazi, akigonga ardhi kwa kitako cha kata na kutega sikio. Du. Hapa bomba limejaa. Du. Limejaa. Akashuka, akagonga, akashuka. Du, du. Walipokutana katikati ya ngazi, Jumbe akafungua mdomo, naye Mkunde akamwinulia kiganja kama mtu anayemnyamazisha mtoto kanisani. Mkunde akagonga hatua moja mbele. Ko. Tupu.

Akarudi hatua moja, akapiga magoti. Akagonga mara tatu, kwa nguvu.

"Fuko! Umejaa?"

Chini ya ardhi ikaja sauti nzito. "Ba... bado kidogo."

"Nilikuahidi ya kujaza fuko. Ukiwa bado, nitaongeza mtungi. Juu kuna ishirini. Umejaa?"

Fuko alikuwa amejipenyeza ndani ya bomba, akanywa hadi akaenea upana wake wote, kama kizibo. Mitungi kumi ilimkalia mgongoni, na povu la ulezi lilikuwa limeingia katika yale macho makubwa, likayachoma kama pilipili. Akikiri, sherehe yake imekwisha. Asipokiri, ataishi humo.

Mkunde akainua kata tena.

"Nimejaa!" Fuko akalia, na mji mzima ukasikia. "Nimejaa, dada, nimejaa, nimejaa!"

Kwa ukelele huo pumzi ikamtoka, na pumzi ilipotoka akapungua unene wa kidole. Kidole kilitosha. Bomba likaguruma chini ya miguu ya Jumbe, likakimbia kuteremka, na kule uwanjani Fuko akaruka nje kama kokwa, akatua juu ya mto laini wa Jumbe. Pombe ikamfuata, nyekundu, yenye povu, mitungi kumi kwa mfululizo, na hapakuwa na tone hata moja juu ya ngazi ya wazee.

Jumbe alisimama akatazama. Kisha akaketi palepale kwenye kidato, kwa hiari yake safari hii, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Yaacheni mafiga," akawaambia wale wawili. "Na mniletee kata."

Ile mianzi imeoza zamani. Lakini tangu siku hiyo fuko hufumba macho na kukaa chini ya ardhi kwa haya. Vile vifusi vidogo vya udongo mnavyovikuta shambani asubuhi ni yeye, ametoa pua kusikiliza kama kuna mtu bado anamwuliza. Na tangu siku hiyo hakuna mtu wa Ngazini anayekunywa bila kugonga mara tatu na kuuliza kama mwenye ahadi yake ameshiba. Chini pakijibu "bado", kata huwekwa. Pakiwa kimya, fuko amejaa, na zamu ni ya watu.

Nami nimeshagonga, Shangazi. Chini kimya kabisa. Lete kata, na mimi ukiniuliza kama nimejaa, uliza mapema, maana milango ya nyumba hii naiona ni myembamba.