Kipa Aliyeomba Kuachwa

Veneranda, kipa wa mpira wa magongo, alidokezwa kwamba meneja Mapunda hatamwongezea mkataba. Akamfuata ofisini na sahani ya maandazi.

"Haya ni ya kuagana, bosi. Niache leo hii hii."

Mapunda alichungulia dirishani. Mwanamume aliyevaa suti mpya alikuwa akimsubiri Veneranda nje, akitazama saa kila mara.

"Timu gani imemtuma yule?"

"Hajatumwa na timu, bosi. Na magoti yangu mabovu, si ulisema mwenyewe?"

"Unaniona mjinga? Huendi kokote! Miaka mitatu, mshahara mara mbili. Saini!"

Veneranda alisaini huku akilia, akabeba maandazi yake, akatoka.

"Shemeji, umemaliza?" akauliza yule wa suti. "Bibi harusi wangu yuko kanisani tangu asubuhi."