Mazoezi Mapya ya Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao na masufuria yao, aliishi Nyati mwenye shingo nene na akili kiduchu.

Kila kiangazi, Nyati na Kifaru walishindana kuinua gogo kwa pembe. Nyumba ya mshindi ilitangulia kunywa bwawani, maji yakiwa safi. Nyumba ya aliyeshindwa ilibakiziwa tope. Nyati alikuwa ameshindwa miaka miwili mfululizo, na mwaka huu mkewe alikuwa akinyonyesha.

Alijizoeza kila asubuhi, lakini gogo likifika magotini, linagoma. Mwezi wa kwanza magotini, mwezi wa tatu magotini. Siku moja alikaa akalia, pande zima la mnyama, ndipo Kindi aliposhuka mtini.

Kindi hakuwa mzito kuliko hindi moja, wala hakuwahi kuinua kitu zaidi ya njugu. Hata hivyo alimzunguka Nyati, akamgonga mbavu, akaguna kama mganga.

"Mwili wako umezoea, bwana mkubwa," akasema. "Saa ile ile, chakula kile kile. Unahitaji programu mpya. Nifuate miezi miwili tu, gogo litapita kichwa chako."

Nyati hakumuuliza hata amewahi kumfundisha nani. Alikubali papo hapo, bwege huyo.

Programu ilikuwa hivi: gogo lihamishiwe kando ya kichuguu, lisiguswe ila kila siku ya saba. Siku nyingine Nyati akimbie kupanda na kushuka kilima, tumbo tupu. Sufuria lake la kunde aachiwe mwalimu alichunguze. Kindi alilichunguza kweli kweli. Alikula mpaka akashindwa kupanda mti, na zilizobaki akazianika, akazificha pangoni mwake.

Huku nyuma mchwa walilila gogo kwa ndani, wakaacha ganda, kama Kindi alivyotaka. Wiki ya tatu Nyati alilifikisha kifuani. Wiki ya sita alilirusha juu ya kichwa, kisha akaenda bwawani kujitazama.

"Baba watoto, mbavu zako zinahesabika," mkewe akamwambia. "Nguvu hizo zinatoka wapi?"

"Mambo ya mazoezi huyajui," akajibu. "Angalia jiko lako."

Siku ya shindano likaletwa gogo bichi la mkwaju. Kifaru aliliinua mpaka kifuani, akalishusha taratibu. Nyati akalijia kwa madaha, akiwapungia watazamaji mkia. Akaingiza pembe. Gogo halikutikisika. Akajikaza tena, akaanguka puu, uso mchangani. Ngiri alicheka hadi akapaliwa.

Nyati alikimbilia gogo lake kwa hasira, akalipiga teke. Likapasuka pwaa! Vumbi na mchwa watupu. Juu ya tawi, Kindi alikuwa akitafuna.

"Uliniahidi nguvu," Nyati akafoka.

"Niliahidi gogo litapita kichwa chako," akasema Kindi. "Halikupita?"

Nyati akarudi nyumbani kichwa chini. Mkewe naye akaingia kutoka bwawani na ndama, midomo yao imejaa tope. Alimwekea kunde mbele yake.

"Kula," akamwambia. "Njaa ulishinda nayo peke yako, lakini tope tunakunywa sote."

Basi, wanangu, mzigo ukiwa mwepesi ghafla, uchunguzeni mzigo kabla ya kujisifu.