Bi Nyamvula na Usingizi wa Pono

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitika huku anapiga miayo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu. Hadithi hii wako wengine wanaoihadithia, lakini wote waliipata kwangu wakaiharibu njiani. Mimi ninayo nzima.

Hapo zamani za kale, kiberiti hakijazaliwa, palikuwa na kijiji kando ya mwamba wa pwani. Moto wa kijiji hicho ulikuwa mmoja tu. Ulikaa jikoni kwa mama mtu mzima, Bi Nyamvula. Asubuhi wanawake walikuja na vigae vyao kuchukua makaa. Kwa nini moto ukae kwake? Kwa sababu ni mzee, na wazee, walisema, hawalali.

Bi Nyamvula naye hakuliacha neno hilo lipoe.

"Umelalaje, Bi?"

"Nilale wapi? Sikufumba jicho."

Kesho yake, "Umelalaje, Bi?"

"Sikufumba jicho."

Keshokutwa, "Umelalaje, Bi?"

"Usiku kucha nahesabu makuti ya paa, mwanangu. Sikufumba jicho."

Alikaa na mkamwanawe, Mbeyu, mwenye mimba pevu na ulimi mwepesi. Mume wa Mbeyu alikuwa mbali, kwenye mashamba ya chumvi.

"Lakini mama," Mbeyu akamwambia, "mbona jana nimekusikia ukikoroma?"

"Mimi?"

"Wewe, mama. Mpaka paka kahama."

"Hao panya."

"Panya wanakoroma?"

"Panya wa siku hizi nani anawajua! Usinizulie, Mbeyu. Mtu anaujua usingizi wake. Mimi usingizi sina. Siku niliyomzika mume wangu, ulikwenda naye."

Wala mzee hakusema uongo. Alisema alichokiona. Aliamka gizani akanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, akapapasa kamba tupu. Akaamka tena, akasikia bahari. Akaamka tena, jogoo bado. Kila alipojikuta, alijikuta macho. Basi akajua yu macho usiku kucha.

Hata siku moja akasema, "Watu huazimana kinu, huazimana mchi, huazimana hata mtoto wa kutuma dukani. Usingizi usiazimwe kwa nini?" Na mwenye usingizi wa kumwaga ni nani? Ni Pono, samaki wa mwambani. Hata leo mtu akilala asisikie, husemwa kalala usingizi wa pono.

Maji yalipopwa, Bi Nyamvula akashuka mwambani. Akamkuta Pono kidimbwini, kaegemea jiwe.

"Hodi, Pono!" Kimya.

"Hodi, Pono!" Kimya.

Akamtia fimbo ya ubavu. "Hodi, wewe!"

"Alaa! Nani anapiga hodi kwa fimbo?"

"Nyamvula. Niazime usingizi wako."

"Nami nilalie nini?"

"Chukua wangu."

"Unao?"

"Sina. Kama pana mabaki, yabebe, wala usinirudishie."

Pono hakuwa mjinga wa kutwa, ni wa usiku tu. Akamwita Pweza awe shahidi. Bi Nyamvula akasema mbele yake mara tatu, "Usingizi sina, kilichobaki chukua."

"Nimesikia," akasema Pweza, "na mikono yangu yote inashuhudia."

Jioni ile usingizi wa Pono ulimwangukia Bi Nyamvula kama mnazi. Hakuufunika moto majivu. Hakuinuka kuuchochea, yeye ambaye kila alipoamka alitia kijiti. Na usiku huohuo Mbeyu akashikwa na uchungu kabla ya siku zake.

"Mama!" Kimya.

"Mama!" Kimya.

"Mama, nakufa!" Kimya.

Mbeyu akatambaa mpaka jikoni. Akatia mkono mafigani, majivu yamepoa.

Jirani, Bi Mwaka, ndiye aliyesikia kilio kupitia ukutani. Mtoto alizaliwa gizani, bila mwanga, bila maji ya moto. Mtoto wa kike, mdogo kama kifaranga. Bi Mwaka akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka kukapambazuka.

Jua likiwa mlangoni, Bi Nyamvula akafumbua macho. "Leo nimelala!" akasema kwa furaha. "Jamani, leo nimelala!"

Wanawake walikuwa wamesimama uani na vigae vitupu. Hakuna aliyemkaripia, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Moto si kitu, waliuomba kijiji cha pili. Lakini pumzi haiombwi kijiji cha pili.

"Mtoto huyu hukwama pumzi akilala," akasema Bi Mwaka. "Akikwama, mtu amsugue mgongo, upesi. Mama yake ana homa, hajiwezi. Mimi nimekesha, dada yangu, macho yananiuma. Leo usiku ni wewe."

Bi Nyamvula akakumbuka alichoazima. Usingizi wa Pono ulikuwa bado mwilini mwake. Usiku huu mjukuu wake angekufa naye yumo chumbani humo, amelala.

Akarudi mwambani mbio mbio za kizee. Akamkuta Pono anaogelea, macho makavu.

"Pono, nirudishie usingizi wangu!"

"Sikupi. Jana walikuja wavuvi na mienge. Wenzangu walichomwa mikuki wamelala. Mimi nilisikia nyayo, nikatoka. Usingizi wako, mama, una masikio."

"Mjukuu wangu atakufa!"

"Pole. Lakini nirudishe nini? Ulisema huna. Pweza!"

Pweza akajitokeza. "Kweli alisema. Ila sheria ni ileile. Aliyepotelewa na mbuzi hutaja alama za mbuzi wake. Akizitaja, apewe. Haya mama, usingizi wako una alama gani?"

Bi Nyamvula hakuzijua. Miaka yote hiyo alikuwa ameutukana, hakuwahi kuutazama.

"Mwenye mali asiyeijua mali yake!" akasema Pono, akapiga mkia.

Bi Nyamvula akarudi nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda cha mkamwanawe. Mtu mzima, magotini!

"Mbeyu, mwanangu. Nilikwita mwongo. Niambie, mimi hulala?"

"Hulala, mama."

"Hulalaje?"

Mbeyu akasema kwa sauti ya homa, polepole. "Usingizi wako hukujia umekaa kitandani. Kidevu kifuani, na mdomo bado unasema, 'Sijalala.' Halafu unakoroma, kidogo tu, kama chungu cha maharage. Mimi nikigeuka, unakatika. Unauliza, 'Mbeyu, kuna nini?' Unachochea moto. Unamwita marehemu baba kwa jina lake, taratibu. Kisha unakoroma tena. Ni hivyo mpaka alfajiri. Nami nalala salama, mama, kwa kuwa najua hata ukilala, upo."

Bi Nyamvula akalia. Kumbe zile saa za macho ndizo alizozihesabu, zile za usingizi zikapita nyuma yake kama mgeni mwenye adabu. Nani amewahi kuuona usingizi ukiingia mlangoni? Mtu huuona ukitoka tu.

Akashuka mwambani, maji yanaanza kujaa. Akazitaja alama zote, hata ya chungu cha maharage, hata jina la marehemu. Kisha akasema mara tatu, na kila mara sauti ikipanda, "Nilikuwa nalala! Nilikuwa nalala! Nilikuwa nalala!"

"Ni wake," akasema Pweza. "Mpe."

Pono akautoa, akautwaa wake, machozi yanamchanganyikia na bahari. "Nami leo wakija na mienge?"

Moyo wa Bi Nyamvula ukamuuma. Akachana kipande cha shuka yake, chepesi kama ute, akamfunika. "Jifiche humu." Ndiyo maana mpaka leo wako pono wanaolala wamejifunika shuka ya ute. Asiyeamini akaulize wavuvi, kisha arudi aniombe radhi.

Usiku ule Bi Nyamvula alikaa na mtoto mapajani. Kidevu kikashuka kifuani. Chungu cha maharage kikaanza kutokota. Katikati ya kukoroma, pumzi ya mtoto ikakwama, bila hata sauti, na bibi akawa macho. Akamsugua mgongo. Mtoto akapiga chafya, akavuta pumzi. Bibi akatia kijiti motoni, akaliita jina la mumewe taratibu, akasinzia tena.

Asubuhi wanawake wakaja na vigae.

"Umelalaje, Bi?"

"Siku..." akaanza. Akamtazama mtoto, akamtazama Mbeyu, homa imeshuka. "Nimelala vipande vipande. Na katikati ya vipande nilikuwa na kazi."

Basi nanyi, bibi akiwaambia hakufumba jicho, msimbishie wala msimcheke. Mwulizeni usiku amesikia nini.

Hadithi yangu naifunika majivu hapa. Mwenye kigae na aje alfajiri, kaa la moto atalikuta.