Jogoo wa Aliyemsimamisha Singano

Tegeni sikio, wakubwa kwa wadogo. Kisa hiki mimi kimenishinda kukiamua, labda nyinyi mtakiweza.

Katika chuo kimoja cha ualimu kule Lushoto walikuwapo wanachuo watatu. Mwantumu alikuwa msusi, vidole vyake vilikunja na kufunga chochote. Hozza hakujua mbio, ila akishika kitu haachii. Mbelwa alikuwa mvivu, na chochote alichokishona kilifumuka chenyewe.

Mwalimu Shekiondo aliwapa igizo la mashindano ya sayansi: jinsi bakteria anavyokomesha kunakili jeni.

"Ndani ya bakteria," aliwaeleza, "kuna kimeng'enya kinachotembea juu ya DNA kikiisoma. Nyuma yake unatoka uzi wa RNA, ndiyo nakala. Jeni ikiisha, lazima kisimamishwe. La sivyo kitapitiliza na kunakili mambo ya jirani. Husimamishwa nakala ikijikunja kitanzi, au protini ikiufuata uzi na kuuvuta, na mwisho wa jeni hushikwa kwa vifungo dhaifu ili uachie."

Kimeng'enya akawa Singano, mwenzao mwenye sauti kubwa. Walimvika boksi kuanzia kichwani hadi kiunoni, lenye kitundu cha kuonea kamba tu mbele na tundu la kutolea utepe nyuma, Mbelwa akalishonea kwenye pete iliyoteleza juu ya kamba ndefu. Kambani kulikuwa na vitambaa vya rangi. Kila akipita kitambaa, Singano alitaja rangi yake na kuunga utepe unaolingana nacho, mkia wa tepe ukirefuka nyuma yake. Kwenye kitambaa cheupe jeni imekwisha, na hapo wenzake wamsimamishe. Lakini bila kumgusa, maana bakteria hana mikono.

Siku yenyewe watu walishangilia mno, Singano akalewa sifa. "Nyekundu! Bluu! Kijani!" Akaongeza mwendo, kitambaa cheupe akakipita wenzake wakiwa bado wanajiweka sawa. Na mbele ya pale kamba ilikuwa imeungwa na kamba ya kuanikia nguo ya Mama Shemweta, mkuu wa chuo. Baada ya nguo, shimo la samadi.

"Shuka ya maua!" Singano akanguruma. "Soksi, moja tu! Gagulo... lina kiraka!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama Shemweta akajifunika uso kwa mtandio.

"Singano, shimo hilo!" Mwalimu alipiga yowe, lakini ndani ya boksi hasikii mtu. "Jamani, fanyeni kitu! Ila msimguse, majaji wanatazama!"

Mwantumu akamkimbilia. Akaudaka utepe ulipokuwa ukitoka kwenye boksi, akaukunja hadi rangi zikakutana na wenza wao, ukawa kitanzi mfano wa pini ya nywele. Kitanzi kikakwama kwenye tundu la nyuma. Singano akasita. "Eh, nini tena?"

Hozza alikuwa mkiani kabisa, akiufuata utepe mkono baada ya mkono, anahema. Singano aliposita ndipo alipomfikia. Akaushika utepe karibu na kitanzi, akauvuta kwa nguvu zake zote.

Na Mbelwa? Alikuwa amekaa anatafuna muwa. Ila mishono yake ilikuwa ileile ya siku zote. Hozza alipovuta, uzi ukakatika, boksi likaachana na kamba, Singano akaanguka chali, visigino vikining'inia juu ya samadi. Kama mishono ingeshikilia, kamba, nguo na nguzo zake vyote vingemwangukia shimoni.

"Mvivu mkubwa wewe!" Hozza akamwambia.

"Mwalimu si alisema mwisho wa jeni hushikwa kwa vifungo dhaifu?" Mbelwa akajibu. "Mimi nilizingatia somo."

Majaji, machozi ya kicheko yakiwatoka, wakawapa ushindi. Zawadi ilikuwa jogoo mmoja wa mbegu, wa kufugwa, si wa kuchinjwa.

"Nisingemkwamisha, Hozza angemfikia lini?" akauliza Mwantumu.

"Kukwama si kusimama," Hozza akasema. "Aliyemtoa ni mimi."

"Ungemtoa wapi, kama nisingeshona vibaya?" Mbelwa akadakia.

Singano naye akainuka, akajikung'uta. "Na mimi nisingepitiliza, mngemsimamisha nani?"

Mama Shemweta alikuwa amemkumbatia jogoo kwa mkono mmoja na gagulo kwa mwingine. Aliwatazama wote wanne, asijue amkabidhi nani.

Haya, semeni nyinyi mnaonisikiliza: jogoo ni wa nani?