Mbata za Tajiri Jabiri

Wapo watu wanaoona haya kuuliza, wakidhani muulizaji ataonekana mbumbumbu. Wahenga waliwajua watu hao, ndiyo maana wakatuachia neno kwamba kuuliza si ujinga. Mwinshehe wa Temeke hakuliamini neno hilo hata kidogo.

Zilikuwa zama za Mwingereza, vita vikuu vimekwisha majuzi tu. Mwinshehe alisomea ukarani wa hesabu kwa Mwalimu Gozbert, Mhaya aliyefundisha jioni barazani kwake. Kama asingepata kazi mjini, ingembidi aende Morogoro kukata mkonge, amwache mama yake, Bi Mwanakombo, peke yake. Ada yenyewe ilitokana na vitumbua vya mama huyo.

Lo! Mwalimu alikuwa na vituko. Hakuruhusu mtu kujumlisha kabla ya kuuliza swali.

"Samaki sitini wameingia sokoni asubuhi," aliwaambia siku moja. "Kabla ya kushika kalamu, niulizeni."

Wanafunzi wakakodoa macho. "Mwalimu, sie tumekuja kusoma hesabu, si porojo," Mwinshehe alinung'unika.

"Hesabu ni ya vitu, mwanangu. Hujauliza kama samaki ni wabichi au wakavu; usipokijua kitu, utahesabu nini?"

Nusu ya darasa walihama. Mwinshehe naye alitaka kuhama, lakini mama yake alimkatalia katakata.

Mwaka ulipokaribia kwisha, tajiri Jabiri alitafuta karani mmoja. Biashara yake ilikuwa mbata, zile nazi zinazokaushwa zikamuliwe mafuta. Vijana wakajaa uani kwake, naye akawatega: "Niliingiza ghalani frasila mia za mbata. Baada ya mwezi nikatoa frasila mia. Hesabu ikoje?"

"Sawasawa!" waliitikia kwa pamoja.

Mwinshehe alikumbuka samaki sitini wa Mwalimu, akanyoosha mkono. "Samahani, bwana. Zilipoingia, zilikuwa zimekauka vizuri?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Zilikuwa bado na maji," Jabiri alijibu.

"Basi zilipaswa kupungua uzito. Zikitoka mia kamili, ama mizani ni mbovu, ama kuna mtu ameongeza mchanga."

Kicheko kikakatika. "Ulikuwa mchanga," tajiri alisema taratibu. "Na karani wangu aliniapia kwamba hesabu ni safi. Kesho njoo kazini."

Jioni hiyo Mwinshehe alifika kwa Mwalimu pamoja na mama yake, mama amekumbatia jogoo.

"Shikamoo, Mwalimu. Umeniokoa na mkonge," Mwinshehe alisema, machozi yakimlengalenga. "Nami nilikuita mtu wa porojo! Ahsante, Mwalimu. Ahsante mno."

Mwalimu akamtazama jogoo. "Na huyu wa nini tena?"

"Ala! Nawe kwa kuuliza!" Bi Mwanakombo alicheka, akamtia jogoo mikononi. "Mwanangu anabaki nyumbani. Pokea!"

Wote watatu wakacheka hadi majirani wakachungulia. Hakika, kuuliza si ujinga.