Waya wa King'ora

Ndugu zangu, kulikuwa na nahodha mmoja huko kwenye visiwa vya ziwani, akivusha abiria na magunia ya dagaa. Mashine ya boti yake ilikuwa kuukuu, lakini ilikuwa na king'ora: ikipata joto kupita kiasi, inalia piiii! mpaka masikio yanauma.

Siku moja ikaanza kulia. Akaizima, akaiinua, akatoa magugu maji yaliyoziba pale inapovutia maji. Akawasha tena. Piiii! Akaipeleka kwa fundi.

Fundi akasema, "Raba ya pampu imekwisha, maji ya kupoza hayapandi sawasawa. Usiiendeshe hivi."

"Niilaze boti na msimu wa dagaa ndio huu?" nahodha akang'aka.

Mnajua alifanya nini? Alichukua kisu, akakata waya wa king'ora. Raha mustarehe! Abiria wakamsifu, "Eh, leo mashine imepona!" Mnacheka? Haya, chekeni.

Nyumbani mkewe alikuwa mjamzito. Kila siku analalamika: miguu imevimba, kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu. Mume akachoka. "Na wewe nawe! Kelele kama kile king'ora. Hebu nyamaza." Basi, mama wa watu akanyamaza.

Asubuhi moja akaanguka jikoni. Mume akambeba mbiombio, akampakia kwenye boti waende hospitali ng'ambo. Katikati ya ziwa mashine ikafuka moshi, ikanoki, ikazima kabisa. Hakuna mlio uliomwonya. Akavuta kamba ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka, kisha akashika kasia, anapiga huku analia.

"Mke wangu, mbona hukuniambia kama hali ni mbaya hivi?"

Yule mama akafumbua macho kwa shida. "Nilikuambia, baba watoto. Ukasema ninyamaze."

Hakusema tena. Walipofika ng'ambo, wauguzi walimpokea akiwa marehemu, yeye na mtoto tumboni mwake.

Inauma, jamani. Hata mimi ninayesimulia inaniuma, maana yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkewe. Alitaka utulivu tu.

Na sisi je? Tunaingia nyumbani, hakuna anayelalamika, tunamshukuru Mungu kwamba kuna amani. Mkeo alikuwa anasema, siku hizi hasemi. Mwanao alikuwa analia, siku hizi anajifungia chumbani. Ni amani hiyo, au kuna mtu alikata waya?

Leo usije hapa mbele nikuombee. Nenda nyumbani kwanza, ukae na yule aliyenyamaza, umwambie, "Nilikosea. Sema, nakusikiliza." Na akianza kusema, mwache amalize.